Kabla Hujalipia Singo ya Hotelini

Siku hizi hoteli za pwani, kuanzia Diani mpaka Paje, nyingi zina spa, na kwenye orodha ya huduma utakuta maneno tuliyoyasikia kwa bibi zetu: singo (maua na viungo vilivyotwangwa vya kusugulia mwili), liwa, udi, mafuta ya nazi. Mimi hilo linanifurahisha sana. Kulikuwa na wakati msichana wa mjini akiona haya kunukia karafuu.

Kuoga kwa raha Unguja si jambo geni. Sayyid Said alijenga mahamamu ya Kidichi karibu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, akawajengea watu wa mjini Hamamni pale Mji Mkongwe. Lakini singo yenyewe ilikuwa mambo ya ndani: bi harusi anawekwa ndani, na somo, yaani mwanamke anayemfunda, anamsinga siku kwa siku mpaka ngozi inateleza. Bibi mzaa mama alikuwa somo, nami nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kumshikia ungo.

Ndiyo maana niliumia mara mbili yaliponikuta ya kunikuta. Nilijizawadia siku moja kwenye hoteli kubwa ya ufukweni, nikalipa kwa dola. Singo ikaja kwenye kopo la plastiki, inanuka manukato ya dukani. Nikamuuliza binti aliyekuwa akinisinga imetiwa nini, akasema imeletwa hivyohivyo. Asubuhi ile nilikuwa nimenyoa miguu. Hata robo saa haikupita, miundi yangu yote ikawa myekundu, inawaka moto, na usiku nililala nimeifunika kitambaa cha maji baridi. Mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni eujenoli, ileile inayotia ganzi jino bovu. Yakiwa makali na yakakuta ngozi ina michubuko, yanaunguza.

Mwezi uliofuata nikaelekezwa kwa mama mmoja Mji Mkongwe, chumba kimoja, kitanda kimoja. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla hata sijavua baibui akauliza: “Umenyoa lini, mwanangu?” Nikamwambia juzi. “Basi miguu leo tutaipaka nazi tupu.” Nilijua nimefika.

Kwa hiyo, dada yangu, usiangalie kwanza bwawa na mishumaa. Uliza nani atakayekusinga na amejifunza kwa nani. Omba uoneshwe singo kabla haijalowekwa. Ikiwa nzuri utaona vipande vya mawaridi na asumini, si unga laini wa rangi moja. Karafuu nayo ina kipimo chake: ibinye kwa ukucha, ikitoa mafuta ni nzima, ikiwa kavu imeshachoka. Liwa wakikuuzia bei ya bure, kuwa na shaka, maana inatokana na msandali, na mti huo umekatwa sana. Kenya iliupiga marufuku kuvunwa mwaka 2007, na tangu 2013 biashara ya msandali wetu wa Afrika Mashariki nje ya nchi inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Mwenye mimba au presha aseme mapema, kabla ya mvuke na kabla ya kukandwa kwa nguvu. Mtaalamu wa kweli atakuuliza mwenyewe.

Piko nakusihi uikatae. Wanaipaka ufukweni kwa jina la hina nyeusi, na kumbe nyingi ni dawa ya kutia nywele rangi, yenye kemikali ya PPD. Nimeona mkono wa binti wa miaka tisa umefura malengelenge kufuata mchoro wa ua. Hina ya kweli inatoa rangi ya machungwa, kisha inakolea kuwa hudhurungi. Haiwi nyeusi tii kwa nusu saa.

Na bakshishi mpe aliyekusinga, mkononi mwake. Bei unayoiona kwenye orodha si anayopata yeye, na ujuzi huu unaishi kwenye viganja vya wanawake hawa.

Kama mfuko hauruhusu, singo inatengenezwa nyumbani. Anika asumini, mawaridi na langilangi kivulini, si juani, harufu isikimbie. Changanya na majani makavu ya mpacholi, liwa, na karafuu chache tu. Twanga kwenye kinu, usisage kwa mashine mpaka ikawa vumbi, kwa sababu ule ukwaruzi wake ndio unaotoa taka. Hifadhi ikiwa kavu kwenye chupa. Siku ya kujisinga chota ya kukutosha, loweka kwa marashi ya mawaridi, na itakayobaki uitupe, usiiweke mpaka kesho. Mara ya kwanza paka kidogo ndani ya kiwiko, usubiri siku nzima, ndipo uende mwili mzima.