Bwana afya nae anakaguliwa na nani?

SWALI: Shikamoo anko. Mtaani kwetu huku Kigoma bwana afya akija kwa mama ntilie anakula zake mgebuka anaaga, ukaguzi umeisha. Sasa binamu yangu yupo California anasema kule raia wa kawaida wanaingia mpaka jela kukagua, kweli au ananipiga fiksi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakupigi fiksi. Kule kila kaunti ina jopo la raia, kaunti nyingi ni watu 19, wanakaa mwaka mmoja na sheria inawataka waangalie hali ya jela za kaunti yao, tena wanaweza kuchunguza idara zingine, hata hiyo ya kukagua migahawa, yaani sio waende kufunua masufuria, wanauliza mkaguzi alienda lini, alipokuta uchafu alifanya nini. Hapo ndo napapenda. Ila rungu hawana, wanatoa ripoti hadharani na wakubwa wanatakiwa wajibu kwa maandishi.

Kwetu magereza na mahabusu Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inaruhusiwa kuingia kukagua. Ya bwana afya mpelekee diwani akaulize kwenye baraza, ila taja siku na kibanda, majungu matupu hayasaidii.