Shangazi, mke wangu ameona risiti za kadi za besiboli

*Shangazi, shikamoo. Niko Columbus, Ohio, namtunza mzee nyumbani kwake; yaani nilikuwa namtunza, maana amefariki. Watoto wake wamenipa boksi lake la kadi za besiboli za Topps za mwaka 1952, zile zenye picha za wachezaji. Namba 1 hadi 310 zipo zote, ila 311 hadi 407 hamna hata moja. Marehemu alitamani sana seti ikamilike. Nimeshanunua nne kwa mkopo wa benki, deni nikalilipa kwa fedha za kupaulia nyumba yetu Muheza. Mke wangu ameona risiti, sasa hanisemeshi. Na kuna mtu ananiuzia kadi ya mchezaji Mickey Mantle kwa bei ya kindugu. Niendelee?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Wale watoto wangeweza kuliuza boksi wakapata fedha za maana. Wamekupa wewe, inaonekana ulimtunza vizuri.

Ila hilo pengo unalibeba kama deni la marehemu, na aliyelifungua ni Topps, kampuni iliyoziuza kadi. Topps walitoa kadi zile kwa mafungu, na fungu la mwisho likaja msimu unakwisha, wenye maduka hawazitaki tena. Zilizobaki zililala ghalani hadi 1960, ndipo Sy Berger wa Topps, aliyeshiriki kuibuni seti hiyo, akazipakia kwenye tishari zikatoswa Atlantiki. Kasimulia mwenyewe. Kwa hiyo usikae ukingoja zijae sokoni.

Tena Topps wana nafuu. Kampuni ya bazoka ya Goudey ya Boston, iliyotia kadi ndani ya pakiti, mwaka 1933 iliruka namba 106, na wengi wanaamini ni makusudi: watoto waliendelea kununua bazoka wakiisaka kadi ambayo haikuchapwa kabisa! Mwaka uliofuata, walioandika barua kulalamika ndio wakatumiwa, ina picha ya Nap Lajoie. Ujanja wa duka ni uleule kila mahali.

Ikomee 310. Wako wakusanyaji wengi walioishia hapo na hawaoni haya. Ukiwashwa mikono, tafuta kadi ya Andy Pafko iliyo nzima, maana yako nadhani kingo zimelika. Yeye ni namba 1, na watoto walipanga kadi kwa namba wakazifunga mpira, wa juu akala adhabu peke yake.

Kwa mkeo usianze na thamani ya kadi, atakuuliza mabati yako wapi. Uza hizo nne, hata kwa hasara kidogo, fedha zirudi, umwonyeshe salio ndipo uombe radhi. Baadaye mkubaliane kiasi cha mwezi, hata dola 30, cha kadi zako. Naye awe na chake, na usimuulize amenunua nini.

Huyo wa Mantle sasa. Kadi yake moja iliyo safi sana iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Undugu gani huo, baba? Topps walichapa upya seti hiyo mwaka 1983, kwa umbo dogo. Ya asili ina urefu wa sentimita 9.5 hivi, ya 1983 ni 8.9. Nenda na rula. Na hata ikifika kipimo, kama haimo kwenye kasha la PSA au SGC, kampuni zinazokagua kadi, lenye namba unayoweza kuihakiki, usitoe hata senti.