Maswali na Majibu: Kazi za Mkono Baada ya Kustaafu

SWALI: Mhariri, assalamu alaykum. Nimesomesha skuli za msingi kwa miaka 36 na mwaka jana nimestaafu. Marehemu baba yangu alikuwa akishona kofia za mkono, nami natamani kujifunza kazi hiyo, lakini majirani wananiambia kuwa siku hizi ni ya wanawake, na macho yangu nayo yamepungua nguvu. Je, niianze au niiache? — Mwalimu mstaafu, Wete, Pemba.

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, Mwalimu. Ianze. La majirani lisikushughulishe, kwani kofia visiwani mwetu zimeshonwa na wanaume na wanawake, na shahidi wako wa kwanza ni baba yako mwenyewe.

Linalotaka kuangaliwa ni macho, maana uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe humchosha hata kijana. Kabla hujanunua sindano, nenda ukapimwe, kwa sababu upungufu wa kuona karibu unaokuja na umri huondoka kwa miwani ya kusomea, ilhali mtoto wa jicho hautatuliwi na miwani bali kwa upasuaji, na ukicheleweshwa unakunyima mengi zaidi ya kofia. Ukishapata miwani, shona asubuhi ukiwa karibu na mlango au dirisha, na kila baada ya nusu saa inua uso utazame mbali, unyooshe na vidole. Usishone usiku kwa taa hafifu, hata ikiwa imebaki safu moja tu.

Kosa la wanaoanza wengi ni kuitaka kofia ya viua, yaani vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, tangu siku ya kwanza. Chukua kipande cha bafta chenye ukubwa wa kiganja, kikunje mara mbili, uchore kwa penseli mistari miwili na vidoto kumi. Mistari uifuate kwa mshono wa kurudi nyuma mpaka mkono uzoee kuvuta uzi kwa nguvu ile ile. Kisha njoo kwenye vidoto: toboa kwa sindano nene ukiizungusha polepole, ili nyuzi za kitambaa zisogee pembeni zisikatike, halafu uzungushe uzi ukingoni, kila mshono ukilala ubavuni mwa mwenzake. Ukivuta sana, kiua hufumba. Ukilegeza, mdomo wake hufanya manyoya. Viua vitatu vya mwanzo vitakuwa vibaya, na huenda hata cha kumi kisikuridhishe, lakini utakuwa umeshajua kosa liko wapi.

Ninayo kofia ya babu yangu, imekuwa ya manjano kwa ukongwe. Nikiiinua kwenye mwanga wa dirisha naona, katika safu ya pili, kiua kimoja kilichopinda kuelekea kushoto, na hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ndipo ninapouona mkono wake.

Jambo jingine litakalokufaa ni kwamba kofia haishonwi ikiwa imeshasimama. Duara la juu na ukanda wa pembeni hudariziwa mbalimbali, vikiwa bapa mapajani, na huunganishwa mwishoni, baada ya hapo ikafuliwa na kutiwa wanga ili isimame. Kwa hiyo unaweza kuichukua kazi barazani ndani ya mfuko mdogo, ukashona huku wenzako wakicheza bao. Usijiwekee siku ya kumaliza, kwani kofia moja huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Na kama yupo mshonaji wa zamani mtaani kwako, mwanamume au mwanamke, kaa naye hata siku mbili, maana kushika sindano huonwa kwa jicho kuliko kusomwa gazetini.

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 74. Tumemhamisha kutoka Makunduchi, sasa anaishi nasi Michenzani, ghorofa ya tatu. Kwao alikuwa akisuka ukili, ule ukanda wa majani ya mkindu unaoungwa kuwa mkeka. Hapa anakaa tu na magoti yanamuuma. Nimnunulie televisheni yake mwenyewe? — Binti yake, Mjini Unguja.

JIBU: Mwanangu, mnunulie ukindu. Tafuta uliokwishakaushwa, na kama anapenda rangi, mnunulie na rangi ya kuchemshia, kisha wewe ndiye usimamie sufuria ya maji ya moto. Ukili hautaki uwanja wala nguvu za miguu: atakaa kwenye kiti chenye mgongo, karibu na dirisha, na kibakuli cha maji ya kulowanishia ukindu usije ukavunjika, na ukili utakavyorefuka utaviringishwa na kuwekwa pembeni. Kazi inayotaka kukaa chini ni ile ya kuunga kili ziwe mkeka, nayo muifanye pamoja, yeye akielekeza kutoka kitini na wewe au mjukuu mkishika sindano.

Usimwambie kwamba umemletea kitu cha kupitishia wakati. Mwambie unataka msala wa chumba chako, umtajie na rangi unazozipenda, na jioni umuulize amefika pima ngapi. Habari ya kuuza usiitaje mpaka aianze mwenyewe.