Mkimuua, nitamdai nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ubuddha unataka aliyetendewa na aliyetenda wote wahurumiwe. Kwa nyakati hizi mbaya, wewe unaweza?" Mimi ni Mlutheri, nauza viazi soko la Kilombero, Arusha, na jibu langu linaanza na jiwe nililoshika mwenyewe.

Mwaka jana kijana alimpokonya jirani yangu, mama wa vitunguu, pochi yenye hela za kikoba. Hakufika hata stendi. Nilimkuta chini, kandambili imebaki moja, pua inavuja damu, na mtu keshaanza kuulizia petroli. Mama wa vitunguu akapenya, akamtupia kijana khanga kichwani, akafoka: "Mkimuua, hela yangu nitamdai nani?" Watu wakacheka. Jiwe langu nikaliachia polepole, kama vile nililiokota kwa bahati mbaya.

Wanaosimulia huruma ya Buddha hupenda kisa cha Angulimala, jambazi aliyevaa shada la vidole vya watu aliowaua. Buddha alimfuata porini peke yake, akamfanya mtawa. Wengi huishia hapo. Lakini mtawa huyo alipoingia mjini kuomba chakula, alipigwa mawe. Akarudi kapasuka kichwa, bakuli limevunjika, vazi limechanika. Buddha akamwambia avumilie, hayo ni mavuno ya matendo yake. Kwa Wabuddha mwovu naye anaungua, kwa tamaa, chuki na ujinga, na wanataka moto huo uzimwe kabla haujarukia nyumba nyingine. Deni linabaki palepale.

Arusha tumeliona hili likivaa joho. Septemba 1998, Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, pale kituo cha mikutano cha AICC, ilimhukumu kifungo cha maisha Jean Kambanda, waziri mkuu wa wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Adhabu ya kifo haikuwemo kabisa. Ningekuwa nimepoteza ndugu kule, huenda ningekasirika.

Kinachonikera ni kwamba tukishaanza kuhurumia, tunamkimbilia mkosaji, aliyeumia anaambiwa asamehe tu. Siku ile tulimnawisha kijana damu. Mkono wa mama ulikuwa umevimba, hakuna aliyeuona mpaka jioni.

Mambo yaliishia kwa mwenyekiti wa mtaa. Hela zilipungua shilingi 18,000. Kijana sasa anapiga debe stendi, anazirudisha kidogo kidogo, na akichelewa mama anamfuata palepale mbele ya abiria, anamdai kwa sauti, kisha anamuuliza kama amekula.