Damu ya ateri: wafundishe vidole kwanza, sindano baadaye

Mkuu umeuliza uwafundishe vipi wauguzi wapya kuchukua damu ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya kupima gesi kama oksijeni, wako wamesoma yote ila wakifika kwa mgonjwa mikono inatetemeka. Nimefundisha hii kitu miaka kadhaa, nakujibu kwa niliyoyaona.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuwapa sindano siku ya kwanza. Siku hizi siku za mwanzo ni kupapasa tu. Wanapapasana wenyewe kwa wenyewe upande wa dole gumba, kiganja kimeangalia juu, taulo imekunjwa chini ya kifundo cha mkono, na mtu aniambie kwa ncha za vidole viwili mshipa unapiga wapi na unaelekea wapi, mpaka autafute amefumba macho na aupate. Mtetemeko mwingi unaisha hapo, maana anayetetemeka mara nyingi ni yule ambaye hajui anachoma wapi.

Hapo hapo wanajifunza jaribio la Allen, la kuona kama ateri ya pili inatosha kulisha kiganja. Mgonjwa anakunja ngumi, unaminya ateri zote mbili za kifundo cha mkono, anafungua kiganja kimekuwa cheupe, unaachia ya upande wa kidole cha mwisho na rangi irudi ndani ya sekunde 15 hivi, isiporudi mkono huo uache. Si jaribio la kuaminika asilimia mia ila linamlazimisha mtu asimame afikirie. Mkono wenye fistula ya kusafishia damu (ateri na vena zilizounganishwa kwa upasuaji kwa mgonjwa wa figo) usiguswe kabisa.

Kuchoma kwenyewe nyuzi 30 mpaka 45, mdomo wa sindano juu, pole pole, na kwa zile sirinji za gesi damu inapanda yenyewe. Mara mbili tu, ukikosa mpishe mwenzako. Na tafadhali ganzi kidogo ya lignokeini kama ipo, ateri inauma kuliko vena, na mtu akiumia anabana pumzi au anahema haraka haraka halafu majibu yanakudanganya.

Sasa lililonibadilisha. Mwanafunzi wangu alipata damu mara ya kwanza, tukafurahi wote, akakimbia na sirinji kwenye mashine, mgonjwa kaachiwa gozi (kitambaa cha kidonda) aminye mwenyewe. Mgonjwa huyo alikuwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Tuliporudi mkono umevimba umekuwa mweusi mpaka katikati ya kigasha, na kosa lilikuwa la kwangu mimi niliyesimama pale, nilikuwa naangalia sindano tu. Alipona ila lile jicho alilonitazama nalo silisahau.

Toka hapo kwangu hii ni kazi ya watu wawili. Mmoja anaminya kwa vidole vyake dakika 5 kwa saa ya ukutani, mgonjwa wa dawa hizo zaidi ya hapo, na hafunui kuchungulia. Wa pili anatumbukiza sindano kwenye sefti boksi (boksi la kutupia vyenye ncha kali) bila kuirudishia kifuniko kwa mikono miwili, anatoa mapovu ya hewa yote maana yanaharibu kipimo cha oksijeni, anafunga sirinji, anaiviringisha ichanganyike na heparini, dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye sirinji, anaandika mgonjwa alikuwa kwenye oksijeni kiasi gani, sampuli ifike kwenye mashine ndani ya dakika 30.

Kama zamu yenu ina watu wachache na mgonjwa hayuko hatarini, mwambie muuguzi wako asianze kuchoma mpaka apate mtu wa pili, hata awe wa kuja kushika gozi tu.