Swali Kwanza, Skrini Baadaye: Nyenzo za Mtandaoni katika Masomo ya Nyumbani

Mzazi anayemfundisha mtoto wake nyumbani hakosi nyenzo mtandaoni. Kinachomlemea ni wingi wake. Mtu anaweza kumaliza jioni nzima akikusanya anwani za tovuti, na asubuhi yake asijue aanzie wapi. Katika kuwafundisha wanangu nimeshika utaratibu ambao umenifaa kuliko orodha yoyote ya tovuti: somo huanza na swali, mtoto hulijaribu kwa akili yake na kwa vitu vilivyo karibu naye, na ndipo tunapowasha kompyuta kutafuta kile ambacho meza yetu haiwezi kutupa.

Tulipofikia mada ya mbembeo katika fizikia, nilimuuliza binti yangu: jiwe zito na jiwe jepesi yakining'inizwa kwenye nyuzi zenye urefu uleule, ni lipi litakalobembea upesi zaidi? Alijibu kuwa ni lile zito, nami nikamtaka aliandike jibu hilo daftarini kabla ya kugusa chochote. Kisha alipima kwa saa muda wa mibembeo kumi na kuugawa kwa kumi, kwa sababu kuchelewa kidogo kwa kidole kwenye kitufe huharibu sana kipimo cha mbembeo mmoja, lakini athari yake huwa ndogo muda wa mibembeo kumi unapogawanywa hivyo. Aliona kwamba uzito haukubadilisha kitu; kilichobadilisha muda kilikuwa urefu wa uzi. Uzi wa sentimita 25 hukamilisha mbembeo mmoja, kwenda na kurudi, kwa takriban sekunde 1, na ule wa mita 1 kwa takriban sekunde 2, maana yake muda ukiongezeka mara mbili, urefu umeongezeka mara nne.

Hapo ndipo tulipofungua PhET, mkusanyiko wa majaribio ya kompyuta ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado, nchini Marekani, ambao hutumika bila malipo. Katika jaribio la mbembeo mtoto anaweza kuuhamishia uzi wake Mwezini au kwenye sayari ya Mshtarii, jambo ambalo hakuna mzazi awezaye kulifanya sebuleni. Mwezini, ambako mvutano ni kama sehemu moja ya sita ya ule wa Dunia, uzi wa mita 1 huchukua karibu sekunde 5. Namba hiyo ilimshangaza binti yangu kwa sababu tayari alikuwa na namba yake mwenyewe ya kuilinganisha nayo. Angeanza na skrini, ninaamini angebonyeza vitufe vyote, akaona vitu vikiyumba, na kuondoka bila swali lolote.

Katika kusoma na kuandika, hazina ninayoithamini zaidi ni African Storybook, mradi uliozinduliwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Hadithi zake zipo katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni zake huria zinamruhusu msomaji kuzinakili, kuzitafsiri na hata kuzibadilisha. Ruhusa hiyo ya mwisho ni zawadi kubwa kwa mwalimu wa nyumbani. Mwanangu husoma hadithi kwa Kiswahili, hujaribu kuitafsiri aya moja kwa Kiingereza, halafu tunafungua toleo la Kiingereza na kujadili kwa nini mwandishi alichagua maneno tofauti na yake. Siku nyingine huubadilisha mwisho wa hadithi na kuchora picha zake.

Kwa hisabati tunatumia Khan Academy, tovuti ya masomo na mazoezi, ila mtoto hukokotoa kwenye karatasi kwanza, na pointi na nishani za tovuti hazipati nafasi katika mazungumzo yetu. Jibu sahihi lililopatikana kwa kubahatisha linampandisha mtoto daraja kwenye skrini huku likiuficha udhaifu ambao karatasi ingeufichua.

Video zinahitaji uangalizi zaidi ya nyenzo nyingine zote. Ninaitazama kila video hadi mwisho kabla ya somo, na ninaandika dakika ambayo nitaisimamisha ili mtoto abashiri kitakachofuata. Inaporuhusiwa, ninaipakua mapema, kwa kuwa video inayofuata huanza yenyewe na kuyavuruga mawazo ya mtoto kabla hajaweza kueleza alichokiona. Wenye intaneti ya shida wasikate tamaa: programu ya Kiwix huwezesha kuhifadhi Wikipedia kwenye kompyuta au simu na kuisoma bila kuunganishwa. Kwa mtoto mkubwa, makala moja ya Wikipedia ikisomwa katika lugha mbili, na tofauti zake zikafuatiliwa hadi kwenye vyanzo vilivyotajwa chini, ni somo zuri la kupima habari.

Kwa wadogo sana ninashauri skrini ipewe nafasi finyu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na kwamba ikipungua ni bora zaidi. Katika umri huo kokoto za kuhesabia na hadithi inayosomwa na mzazi hutosha.

Kuamua kama nyenzo ibaki au iondoke, ninasubiri hadi kesho yake. Skrini ikiwa imezimwa, ninamwomba mtoto anieleze jambo alilojifunza, akichora au akionyesha kwa vitu. Akieleza kwa maneno yake mwenyewe, nyenzo hiyo inaingia katika mpango wa muhula. Akikumbuka tu rangi na nyimbo zake, ninaifuta, hata kama imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, na somo linarudiwa kwa njia nyingine.