Kabla hujapanda basi la Dar

Wadogo zangu mlioanza kazi ya ualimu hapa chuoni Oktoba, mtihani wa mwisho wa muhula umeisha leo saa sita mchana. Saa kumi nimekuta wawili wenu getini na mabegi, mmoja kakumbatia bahasha tatu za skripti, yaani majibu ya mtihani ya wanafunzi. "Nitasahihishia nyumbani, mwalimu." Nimewarudisha. Najua mmenuna, ndiyo maana naandika usiku huu huu.

1. Skripti hazipandi basi. Waliokuwa huku kusini Mei 2024 wanakumbuka mvua za Kimbunga Hidaya zilivyoikata barabara kuu kule Kilwa, abiria wakalala njiani. Nguo zikilowa utazianika. Skripti je? Sahihisha hapa hapa ofisini, kwa mwongozo uliopitishwa na idara.

2. Alama za koziweki, yaani majaribio na kazi za katikati ya muhula, zikae kwenye daftari moja. Hapa mnivumilie.

Muhula wangu wa kwanza nilikuwa na darasa la watu zaidi ya mia mbili. Jaribio la pili, kumi na mmoja hawakulifanya: huyu msiba, huyu malaria, huyu usajili ulichelewa. Nikawatungia jingine Jumamosi, nikaandika alama zao kwenye karatasi, nikaikunja na kuichomeka ndani ya kitabu.

Muhula ulipofungwa, mwalimu mmoja mkongwe wa idara aliniambia, "Kijana, tukae saa moja tu. Mimi nasoma majina, wewe unasoma alama." Nikamjibu nimeshamaliza. Nilikuwa sijamaliza. Nilihisi ananipima, na niliona aibu ajue kwamba ule mfumo wa matokeo unanisumbua. Usiku nikaingiza alama peke yangu, nikaona nafasi kumi na moja ziko tupu, nikasema nitazishughulikia nikirudi. Alfajiri nikaondoka.

Matokeo yakatoka. Binti mmoja wa Newala, mwaka wa kwanza, akaikuta herufi I mbele ya kozi yangu. Hakujua maana yake ni kwamba matokeo hayajakamilika. Nyumbani wakaelewa amefeli. Ilikuwa Machi, hela ya korosho imebaki kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichowekwa kwa ajili ya ada ya muhula wa pili. Baba yake akasema ngoja kwanza. Binti akanipigia simu mara nne. Namba ngeni, nami nilikuwa harusini, sikupokea.

Wiki ya tatu ya muhula mpya nikawakuta wote wawili kwenye benchi nje ya ofisi. Mzee akasimama kunipokea, mimi wa umri wa mwanawe. Akauliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, huyu mtoto mtihani alifanya au hakufanya?" Nikakifungua kitabu mbele yao. Karatasi ilikuwa pale pale nilipoichomeka. Binti alikuwa na 17 kati ya 20.

Nilimwomba radhi mzee, nikamwomba binti. Halafu zikaanza barua, sahihi za wakuu, kamati ya mitihani. Muda wote huo ile I ikabaki pale pale. Na majaribio mawili ya walimu wengine yalikuwa yamempita akiwa nyumbani. Uso wa yule mzee ninao mpaka leo.

Basi kila nafasi tupu itafutiwe jina na sababu kabla hujabonyeza kutuma. Na mwanafunzi akipiga simu likizoni, pokea.

3. Umepangiwa kozi mpya? Mfuate aliyeifundisha mwaka jana umwombe nondo zake, yaani maandishi anayofundishia, na mitihani ya nyuma, wiki hii, kabla hajaenda kijijini.

4. Mfumo ukikugomea, uliza. Hata wa ofisi ya mitihani wanaulizana wenyewe.

5. Pumzikeni pia. Nendeni Feri mkale samaki, lakini bahasha zikiwa zimefungiwa kabatini.

Nanyi wakongwe wenzangu, tusiwasubiri hawa waje. Mgeni haombi msaada kwa mtu anayemwona akipita mbio. Yule mzee wetu alinifuata mwenyewe mezani kwangu, na wajibu huo sasa ni wetu.

Jumatatu saa tatu nawasubiri ofisini kwangu, na orodha zenu. Mimi nitasoma majina, ninyi mtasoma alama. Chai na mihogo vitakuwepo. Na ninyi wawili wa getini, nimeongea na wakala wa basi pale stendi: tiketi zenu zimesogezwa hadi Alhamisi.